Mbaazi Sita

Kila mtu mbaazi sita, alitangaza Msellem:
tatu mtilie wa kwanza, mbili wa pili,
hiyo moja mtupie unayemwonea haya kumwacha.
Makopo ya maziwa yamepangwa juu ya dawati la skuli,
kila kopo na namba yake kwa rangi iliyobaki ya mlango,
na mbele yake pazia, upande wa kanga,
jicho la jirani lisije likakupigia kura.

Siafu wa Konde tumemaliza ligi nafasi ya nne.
Si haba. Mwaka jana tulikuwa tunajihesabu kutoka chini.

Mie Time binti Hamad ndiye nizifuaye jezi.
Kumi na tano kila Jumatatu, beseni mbili,
sabuni ya mche naikata kwa uzi.
Mpira siujui. Kuotea nimeelezwa mara saba
na kila mtu kanieleza lake.
Ila udongo naujua.
Udongo wa kiwanja chetu mwekundu,
hauondoki kwa maji ya mwanzo
na haumsingizii mtu.

Namba tisa, Suleshi, mabao kumi na moja,
watoto wa Konde nzima wamenyoa kama yeye.
Jezi yake hurudi inanukia manukato,
naisuuza kwa heshima tu.
Namba kumi hurudi na mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe,
maana huvutwa; huyo nampa mbili.
Kipa, Shoka, viwiko vyote vimeliwa. Moja.

Namba tatu huingia beseni mwisho,
ikitangulia huwatia doa wenzake.
Magoti ya bukta, ubavu wa kushoto, mpaka mgongoni.
Siku moja damu kavu begani
na jani la muhogo ndani ya soksi:
kaufuata mpira hadi shambani kwa watu.
Mjaka. Mtu wa maneno matatu kwa wiki.
Kiwanjani simwoni, naambiwa yuko kule, kushoto.
Kwenye beseni namwona dakika zote tisini.

Nikapita nyuma ya pazia.
Kopo la tisa limeshiba, halilii tena.
La tatu nilipolitilia, bati tupu likasema
ta, ta, ta,
na huko nje wakacheka:
nani huyo kapotea njia?

Kuhesabu, tangu laasiri hadi karibu na adhana ya magharibi.
Watu thelathini na wanne.
Mbaazi mia mbili na kumi.
Zidisha mwenyewe.
Msellem akajikuna: mtu kaja na mboga yake kutoka nyumbani.
Zogo! Huyu ataka irudiwe,
yule ataka waletwe waangalizi,
maana sisi Wapemba kura hatujaichekea hata siku moja.
Mwisho wakakubaliana: toa sita, toa ishirini,
tisa kashinda tu.
Suleshi akakabidhiwa chupa ya chai, mpya, na karatasi yake.

Kopo la tatu lilipinduliwa watu washaanza kuinuka.
Mbaazi sita.
Tatu zangu. Na tatu za nani?
Nikapitisha macho usoni mwa kila mtu.
Suleshi alikuwa kainama, anafunga kamba za viatu,
na kavaa makubadhi.

Sikuuliza.
Nilizikusanya zote kwenye ungo, nikazitoa mawe,
nikazichanganya na kibaba changu, zikalala majini.
Alfajiri zikapata tui zito na bizari na pilipili moja nzima.
Timu ikaja na mandazi yake,
kura zikaliwa, ya huyu na ya yule, na zile sita za wizi,
hapana ulimi uliojua ipi ni ipi.
Mjaka alikula sahani mbili.
Alipomaliza akaosha mikono, akanijia jikoni,
akanipa jezi aliyoikunja vizuri, kama barua.

Kwapa limechanika tena, akasema.

Maneno matatu.
Ilikuwa Jumatatu asubuhi,
na wiki yake ishakwisha.